Sifa za Asembla Zisizopatana

Mnazi umesifiwa na washairi wa pwani, jahazi limesifiwa, hata tambuu imepata wa kuitungia beti. Ugomvi wa asembla bado haujapata mtu, na upungufu huo ni aibu kwetu sote tunaoishi kwa fadhila zake. Asembla, kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, ni programu inayochukua amri zilizoandikwa kwa lugha ya vifupisho iitwayo asembli, kama `mov` na `add`, na kuzigeuza kuwa namba ambazo prosesa inazitekeleza bila mkalimani mwingine. Chini ya hapo hakuna lugha tena, ni umeme tu. Mtu angedhani kwamba huko, mahali pasipo na nafasi ya maneno mengi, wataalamu wamekwisha kukubaliana. Wapi! Msimbo ambao asembla ya GNU inaupokea kwa mikono miwili, asembla ya LLVM inautema. Ule ambao NASM inausoma bila shida, MASM ya Microsoft haiuelewi hata kidogo. Anayeitwa kupatanisha hushinda akihamisha herufi na kuongeza nukta, na akimaliza, programu inafanya kile kile ilichokuwa ikifanya kabla hajaigusa. Hapandishwi cheo kwa kazi hiyo, wala mtumiaji hajui kuwa imefanyika. Nami nadai kwamba kero hii ni miongoni mwa hisani kubwa anazofanyiwa mwandishi wa msimbo, kwa sababu inamlazimisha aseme waziwazi kile alichokuwa anakidhania tu.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada ya sifa. Prosesa za ukoo wa x86 zina maandishi ya aina mbili. Vitabu vya Intel huweka mahali pa kufikia kwanza na chanzo baadaye, hivyo `mov ebx, eax` ina maana ya kunakili kilichomo kwenye rejista ya eax na kukitia kwenye ebx. Maandishi ya AT&T, yaliyotoka kwenye Unix ya Bell Labs, huanza na chanzo: `mov %eax, %ebx`. Asembla ya GNU ilirithi mtindo huu wa pili, na pamoja nao ikarithi kito ambacho hakuna jumba la makumbusho linaloweza kujivunia kitu kama hicho. Asembla za Unix za ukoo wa AT&T zilikuwa na kosa: baadhi ya amri za kutoa na kugawa namba za desimali zilitoka zimepinduliwa, kiasi kwamba aliyeandika A kutoa B alipewa B kutoa A. Kosa likajulikana. Lakini wakati huo kompaila ya GCC na programu nyingine zilikuwa zimekwisha kulizoea na kulitegemea, kwa hiyo lisingeweza kuondolewa bila kuvunja nyumba za watu. Mwongozo wa asembla ya GNU unakiri jambo hili bila kuficha, na kosa limeendelea kutunzwa kwa uaminifu ambao kweli nyingi hazijawahi kuupata.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Msimbo unaopita mikononi mwa asembla moja tu haufuati sheria, unafuata mazoea ya asembla hiyo, na mwandishi wake hana njia ya kujua tofauti. Kerneli ya Linux ni ushahidi wa kutosha. Kwa miaka mingi ilijengwa kwa GCC na zana za GNU, na chochote ambacho zana hizo ziliruhusu kikawa halali. Kisha wakaja watu waliotaka kuijenga kwa Clang, kompaila ya mradi wa LLVM, na baadaye kuiachia Clang yenyewe kazi ya asembla. Asembla ya pili huingia nyumbani kama mkwe mgeni: huuliza yale ambayo wenye nyumba wameacha kuulizana. Ilipokutana na amri ya `bt`, inayokagua biti moja ndani ya kumbukumbu, iliuliza: je, nikitazame kipande cha biti 16, 32 au 64? Mwandishi hakuwa amesema. Asembla ya GNU ilikuwa ikimjazia 32 kimyakimya, na kwa bahati njema hilo ndilo alilolitaka. Clang ilikataa kubahatisha, ikadai herufi moja ya nyongeza, `btl`. Herufi moja! Wapo walioona huo ni usumbufu wa karani anayerudisha fomu kwa kukosa nukta. Lakini mtu anayeandika amri za prosesa na hajui anagusa baiti ngapi za kumbukumbu anastahili kurudishiwa fomu.

Upande wa prosesa za ARM mambo yalikuwa matamu zaidi. Katika maandishi ya zamani, sharti la kutekeleza amri liliwekwa katikati ya jina: `ldreqb`, yaani pakia baiti iwapo ulinganisho wa mwisho ulikuwa sawa. Kampuni ya ARM baadaye ikaleta maandishi ya pamoja, yakiunganisha amri zake za kawaida na zile fupi za Thumb, na sharti likahamia mwisho: `ldrbeq`. Asembla ya GNU ikaendelea kuyaelewa maandishi ya zamani. Clang ikakubali mapya peke yake. Ikabidi watu wapite faili kwa faili wakihamisha b kutoka huku kwenda kule, ilhali majina yote mawili huzaa namba ile ile kwa prosesa. Nakubali kwamba hii ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo, faili hizo zilipitiwa na macho ya binadamu, nyingine baada ya kukaa muda mrefu bila kusomwa na mtu yeyote. Mwaka 2017 simu ya Google ya Pixel 2 ilitoka ikiwa na kerneli iliyojengwa kwa Clang, na ilipofika 2021, toleo la 5.15 la Linux likaifanya asembla ya LLVM kuwa chaguo la kawaida kwa anayejenga kwa zana za LLVM. Mkwe akawa mwana wa nyumba.

Atasema mtu: basi nitabaki na asembla yangu moja, na ugomvi huu hautanihusu. Waulize waandishi wa FFmpeg, programu ya video. Mwaka 2023 zana za GNU zenyewe, katika toleo la 2.41, zilikataa msimbo ambao matoleo yaliyotangulia yalikuwa yakiupokea. Ndani ya FFmpeg mlikuwa na vipande vya asembli vya kusogeza biti, na kiasi cha kusogeza kilipatikana kwa kugeuza namba kuwa hasi na kuikata ibaki baiti moja, hivyo kingeweza kukaribia 255. Prosesa ya x86 haikujali, kwani ikisogeza namba ya biti 32 hutazama biti tano za chini tu na kupuuza zilizobaki. Asembla nayo haikujali, mpaka siku ilipojali. Dawa ilikuwa kuikata namba hiyo kwa biti tano waziwazi kabla ya kuikabidhi. Jibu halikubadilika, ila sasa limeandikwa na mwenyewe badala ya kuachiwa ukarimu wa mashine. Uaminifu kwa zana moja haukuwa kinga, ulichelewesha deni.

Pingamizi jingine ni la wapenda suluhu: kwa nini wasikae mezani waandike kiwango kimoja? Lugha ya C ilipata kiwango chake Marekani mwaka 1989, asembli ikose kwa nini? Jibu liko kwa ARM hao hao. Waliunganisha maandishi, na matokeo yake leo kuna ya zamani na ya pamoja, na mpatanishi lazima ajue yote mawili. Wengine wanashauri asembli iachwe kabisa, na Microsoft ilikwisha kuonyesha njia kwa kuizuia isichanganywe ndani ya C kwenye prosesa za biti 64. Ushauri mzuri kwa programu za mishahara. Ila kubadilisha kazi inayoendelea ndani ya prosesa, kusimba siri kwa kasi, kufungua video bila kumaliza betri ya simu, bado kunahitaji mkono ulio karibu na mashine. Maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, kwa kuwa haikutaka kuchagua upande, iliandika hati za lugha ya Perl zinazotema asembli kwa lahaja za mifumo mbalimbali. Kama kuna mtu anayejiuliza ni nani amempa Perl riziki hadi leo, sehemu ya jibu ni hiyo.

Pingamizi zito ni moja. Ugomvi mwingine haupigi kelele. Agizo la `.align 4` kwenye Linux ya x86 lina maana ya kupanga kwa baiti 4. Kwenye ARM lina maana ya mbili kwa kipeo cha nne, yaani 16. Nukta mkato katika asembla ya GNU ya x86 hutenganisha amri mbili za mstari mmoja. Kwenye asembla ya Apple ya ARM ya biti 64 huanzisha maelezo, kwa hiyo amri ya pili humezwa na hakuna onyo. Na faili ya asembli iliyosahau kamstari kamoja, `.note.GNU-stack`, inaweza kuifanya programu nzima ipewe staki ya kumbukumbu inayoruhusu msimbo kutekelezwa, mlango ambao wadukuzi wanaupenda. Zana za GNU zilianza kuonya kuhusu hilo mwaka 2022. Haya siyasifu. Lakini ubaya wake wote ni ukimya, na dawa yake ni kelele zaidi: kuandika `.balign` au `.p2align`, ambazo maana yake haibadiliki popote, na kuitaka kila asembla ikatae badala ya kubahatisha. Anayelaani makosa yanayojitangaza anaiombea programu yake haya yasiyojitangaza.

Basi anayeandika asembli asiitoe kabla haijapita kwenye asembla mbili, na moja iwe ile anayoichukia. Kwa kerneli ya Linux hahitaji hata kujipanga: amri ni `make LLVM=1`.