Barua ya Wazi kwa Mkuu wa MI6: Mnaajiri Watu Wasiojua Kupiga Chabo

Kwa Mheshimiwa C,
Mkuu wa Idara ya Ujasusi wa Nje ya Uingereza (MI6),
Vauxhall Cross, London.

YAH: MAOMBI YA KUUTAMBUA MCHEZO WA GOLDENEYE 007 KUWA MTAALA WA MAFUNZO YA MAJASUSI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza hongera, mama. Picha la GoldenEye lilipotoka mwaka 1995, Judi Dench alikalia kiti cha mkuu, M, na watazamaji wakazoea mara moja kumwona mwanamke akimpasha James Bond bila kupepesa macho. Ofisi yenyewe ilihitaji miaka 30 zaidi kulizoea wazo hilo, ndipo wewe, Blaise Metreweli, ukakabidhiwa kiti mwaka 2025. Tena umetokea upande wa teknolojia, ambako mkuu wake huitwa Q. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kushika kalamu. Aliyekuwa Q hatahitaji kuelezwa pedi ya gemu ni nini.

Najua ofisi yako haimpendi Bond. Alex Younger, alipokuwa kwenye kiti hicho, alitamka hadharani kwamba jamaa asingepita kwenye usaili wenu. Naona huo ni utovu wa shukrani. Hadi sheria ya mwaka 1994, hamkuwa mmetambuliwa kisheria kwamba mpo. Mwaka uliofuata jengo lenu likaonekana kwenye sinema, na Agosti 1997 mkawa ndani ya kaseti ya Nintendo 64. Miaka mitatu tu, kutoka kutokuwepo hadi kuuzwa dukani pamoja na katuni. Ni taasisi gani nyingine ya umma iliyopanda cheo kwa kasi hiyo?

Sasa mchezo wenyewe. Ulitengenezwa na kampuni ya Rare, katika kijiji cha Twycross, Leicestershire, na kikundi kidogo kilichoongozwa na Martin Hollis. Wengi wao hawakuwa wamewahi kutengeneza gemu hata moja. Gemu za picha kwa kawaida huwa bidhaa za haraka: zinapikwa mbiombio ziwahi sinema, halafu zinasahaulika pamoja nayo. Hili lilichelewa karibu miaka miwili, na kuchelewa ndiko kulikoliokoa. Vijana walikwenda Leavesden kulikopigwa picha hilo, wakazipiga picha seti, wakarudi kijijini na kujenga hata vile vyumba ambavyo kamera ya sinema haikuviingia. Zikauzwa nakala zaidi ya milioni 8. Ukilitazama kwa jicho la mkaguzi, hizo ni fedha nyingi kwa mradi uliovuka muda wake, nami nisingeshangaa kama Hazina yenu ingeomba maelezo.

Ubora wake mkubwa ni huu: linakuheshimu kwa kukuongezea kazi. Chukua hatua ya kwanza, pale bwawani Arkhangelsk. Ukichagua daraja la chini, unatakiwa tu kufika ukingoni na kujirusha. Daraja la pili, uzime kwanza ving'ora. Daraja la 00, utege modemu ya siri na kunasa data ndipo uruhusiwe kuruka. Bwawa ni lilelile na walinzi ni walewale, ila dhamana imekua. Gemu nyingi za zama zile zilikuwa zikiongeza ugumu kwa kuwafanya maadui wawe na ngozi ya kiboko. Hapa unapandishwa cheo na mafaili yanaongezeka mezani, jambo ambalo kila mtumishi wa umma atalitambua.

Halafu kuna adabu za risasi. Mlinzi akipigwa mguuni anachechemea, akipigwa mkononi anautikisa mkono. Ukifyatua bunduki ovyo, kelele zinawaita wenzake. Ukitumia bastola yenye kizuia sauti, wa chumba cha pili anaendelea na zamu yake. Mwaka 1997 hilo lilikuwa jambo la kusimulia kijiweni.

Udhaifu nao haujifichi. Bond wa kwenye gemu hawezi kuruka hata kizingiti cha mlango, lakini bwawa zima analiruka. Hakuna anayetamka neno kwa sauti. Maneno yote yanaandikwa chini ya kioo, hivyo hata msaliti anakusaliti kimyakimya. Mabomu yakilipuka mengi kwa pamoja, picha inajikokota kama imekula ugali wa moto. Na Natalya, Mheshimiwa! Mtaalamu wa kompyuta, ndiye pekee anayeweza kuizuia setilaiti ya maadui, na unaambiwa umlinde. Naye anachagua kusimama katikati ya njia ya risasi zako. Akifa, unaanza upya. Nadhani ofisi yako ina sera kuhusu watoa taarifa, lakini sidhani kama watoa taarifa wamewahi kuisoma.

Kuna maagizo mawili ninayoomba yafundishwe kwa makini. Kwenye kiwanda cha silaha za kemikali umeandikiwa upunguze vifo vya wanasayansi. St Petersburg, ukiwa ndani ya kifaru katikati ya jiji, umeandikiwa upunguze vifo vya raia. Upunguze. Aliyeandika hivyo alikuwa tayari ameiva kwa kazi ya serikali. Shigeru Miyamoto wa Nintendo, baada ya kuuona mchezo, aliona mauaji yamezidi, akashauri kwamba mwishoni Bond apite hospitalini akiwapa mkono maadui wote aliowapiga risasi. Vijana wa Twycross hawakumfuata. Naomba ushauri huo ufikishwe Wizara ya Mambo ya Nje, ambako naamini utafuatwa.

Palipopwaya zaidi ni kwenye kiini cha sinema. Katika picha, Alec Trevelyan, yule 006 msaliti, hageuki kwa tamaa peke yake. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wakosaki ambao Waingereza waliwakabidhi kwa Stalin mwaka 1945, na jambo hilo si la kubuni: makabidhiano ya Lienz yalifanyika kweli. Filamu ya kujifurahisha ilithubutu kumpa adui hoja. Gemu limemwachia mistari michache ya maandishi, kisha likakupa bunduki mbili, moja kila mkono. Kwa upande wa sanaa ni hasara. Kwa upande wa ofisi yako, naelewa, ni nafuu.

Nafika sasa kwenye ombi lenyewe. Misheni zote 20 ukizimaliza, hujafanya ujasusi hata kidogo. Umefyatua, umelipua, umefungua milango. Ujasusi wa kweli uko mahali pengine kabisa, kwenye mchezo wa watu wanne, ambapo kioo cha runinga hugawanywa robo nne na kila mtu anaona robo ya mwenzake. Hapo ndipo binadamu anapofundwa. Unapiga chabo kwa pembe ya jicho kujua jirani ametega mabomu mlango gani, huku uso wako ukiapa kwamba unatazama kwako. Mjanja zaidi anajua anachunguliwa, basi anageukia ukuta usio na alama yoyote na kusubiri, ili mchunguzi asipate cha kupeleka. Watu wanaweka mapatano ya kuvizia mmoja na kuyavunja kabla hajafa.

Na sehemu hiyo yenyewe ilizaliwa kwa siri. Steve Ellis aliiunda miezi michache kabla ya mchezo kutoka, na wakubwa wa Rare na Nintendo hawakuambiwa lolote mpaka walipoonyeshwa kitu kinachofanya kazi. Operesheni nzima ilifanyika Leicestershire, ndani ya mipaka yenu, na sidhani kama mlinusa chochote.

Kwa hiyo naomba usaili wenu ubadilishwe. Waketisheni waombaji wanne mbele ya runinga moja. Mwaka 2023 mchezo ulirejeshwa kwenye Switch na Xbox, na kwa bahati njema toleo la Xbox halichezwi na wapinzani kupitia mtandao, hivyo lazima wakae sebule moja, bega kwa bega. Asiyechungulia robo ya jirani apelekwe uhasibu. Anayechungulia na kukamatwa apewe ubalozi. Na yule atakayemchagua mhusika Oddjob, ambaye gemu limemfanya mfupi kiasi kwamba risasi zinampita juu ya kofia, akijua kabisa kwamba kila kijiwe duniani kimempiga marufuku, kisha akaapa kwamba amempenda kwa sababu ya kofia, huyo msimsaili. Mpeni funguo.

Naomba kuwasilisha.

Mwombaji
(jina limehifadhiwa na ofisi yako)