Namna ya Kuitwa Fundi wa Taa kwa Kazi ya Jioni Moja

Mgeni akiingia sebuleni hatafuti kontrola. Anainua macho kwenye dari la jipsamu, anaona rangi zinatembea ukutani polepole, anasahau hata kukaa. Kisha anauliza: "Nani kakufungia?" Wewe unalitaka swali hilo, usinifiche. Sote tunalitaka. Kaa karibu nikupe njia za mkato za kulifikia, maana nawaona watu wanajitesa pasipostahili, halafu wanazembea pale penye moto.

1. Usiandike programu. Mkanda wa taa wa kawaida huwaka rangi moja mwanzo hadi mwisho. Huu wetu wa pikseli, kila taa ina chipu yake inayosubiri amri, na kontrola ndiyo inayotoa amri hizo. Dukani watakuonyesha kiboksi chenye rimoti ya vitufe vingi. Kirudishe mezani kwa heshima, kwa sababu mitindo iliyomo ndiyo hiyo hiyo miaka yote. Chukua kibao cha ESP32 kiwe kontrola yako, kisha weka WLED, programu ya bure iliyoanzishwa na Christian Schwinger. Ina mitindo ya mwanga zaidi ya mia. Kazi ngumu imeshafanywa na wenzako, na wameitoa ili uichukue. Basi ichukue bila aibu.

Unaiweka kwa kivinjari cha kompyuta na waya wa USB, dakika chache tu. Lakini uwe waya unaopitisha data. Mimi jioni nzima ilinipotea nikidhani kibao kimekufa, kumbe waya ulikuwa wa kuchaji simu, hauna kazi nyingine. Kikishakubali, kibao kitarusha waifai yake iitwayo WLED-AP, neno la siri wled1234. Ingia, kiunganishe na waifai ya nyumbani ya gigahezi 2.4 (ile ya 5 ESP32 ya kawaida haioni), kisha badilisha hilo neno la siri, kwa kuwa dunia nzima inalijua.

2. Mkanda uchague kwa mahali, usiuchague kwa bei. Kwa nyuma ya televisheni, WS2812B wa volti 5 unatosha. Ubaya wake ni mmoja: pikseli zinapokezana data kama watu wanaopitishiana ndoo kisimani. Akianguka mmoja, wa mbele yake hawapati maji. Kwa hiyo ukizungusha dari zima, ambako hutaki kupanda ngazi tena, nunua WS2815 wa volti 12. Huo una njia ya akiba ya data, pikseli moja ikifa nyingine zinaendelea.

Na huu hapa ujanja ninaoupenda kuliko wote: geuza mkanda utazame ukuta. Mwanga unaodunda ukutani hauonyeshi nukunuku, hauonyeshi lehemu iliyovimba, wala taa moja iliyopauka. Hata pikseli 30 kwa mita zitaonekana kama kitambaa kimoja cha mwanga. Sehemu ya pesa imebaki mfukoni na hakuna atakayejua.

3. Sasa punguza mwendo, hapa ndipo nyumba zinapoungua. Pikseli moja ya WS2812B ikiwaka nyeupe kamili hula takriban miliampia 60. Rola ya mita 5 yenye pikseli 60 kwa mita ina pikseli 300. Zidisha: ampia 18, yaani wati 90, kwa volti 5 tu. Volti ni ndogo, haikupigi shoti, na ndiyo maana watu hudharau. Ampia 18 kwenye kijiwaya chembamba kilichofichwa juu ya jipsamu ni jiko.

Njia ya mkato ni kutoutaka mwanga wote. WLED ina sehemu ya kuweka kikomo cha umeme. Nunua pawa saplai ya ampia 10, andika kikomo cha miliampia 8000, na programu itashusha mwanga yenyewe kila inapokaribia hapo. Jicho halitalalamika, kwani mwanga ukipungua nusu, jicho halioni nusu. Ila hesabu ya programu ni makadirio, kwa hiyo weka fyuzi kwenye waya wa chanya. Tafadhali usiiruke. Peleka umeme mwanzoni na mwishoni mwa mkanda kwa waya mnene, ama sivyo nyeupe ya mwishoni itageuka njano kama meno ya mvutaji. Na upande wa volti 230 mwachie fundi umeme mwenye leseni. Sifa zitabaki zako.

4. Mkanda una mishale. Data inafuata mshale, haipandi mlima. Waya hasi wa kibao na ule wa pawa saplai ziunganishwe pamoja, usipofanya hivyo taa zitacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Zikimetameta ovyo hata baada ya hapo, sababu ni hii: ESP32 inatoa data kwa volti 3.3, na WS2812B inayolishwa volti 5 inataka angalau 3.5. Mafundi wazuri huweka chipu ya kupandisha, 74AHCT125. Huna? Kata pikseli moja, iweke ya kwanza, na chanya yake pekee ipitie dayodi ya 1N4007. Volti yake itashuka hadi karibu 4.3, na sasa inatosheka na data ya volti 3 hivi. Itaisikia ESP32, itarudia amri kwa sauti kubwa zaidi, na wenzake wote watasikia. Ifiche nyuma ya kabati. Dayodi ya bei ya andazi imekufanyia kazi ya chipu.

5. Ukibonyeza nyekundu ikawaka kijani, usifumue kitu. Mikanda mingi hupanga rangi kwa GRB badala ya RGB. Badilisha kwenye mipangilio, sekunde tano.

Upinde wa mvua unaokimbia waachie watoto. Wageni wapewe rangi mbili zinazokaribiana, chungwa na waridi kwa mfano, mwendo wa polepole, mwanga asilimia 30. Hifadhi hiyo kama mpangilio namba 1 na uamuru uwashwe kila kibao kinapopata umeme, ili hata ukikatika na kurudi, mama mkwe akiwa kwenye kochi, sebule ijirudie yenyewe kabla hujanyanyuka.

Akiuliza nani kakufungia, mwambie kweli: "Nimefunga mwenyewe, mama." Na akikuomba ukamfungie na kwake, nenda, ila fyuzi uzinunue kabla ya mkanda.