Amplifaya ya Mama

Amplifaya iliyoingia nyumbani kwetu haikununuliwa kwa ajili ya mdundo. Ilinunuliwa kwa ajili ya mama mkwe wangu, ambaye masikio yake yameanza kuchoka, na ambaye hapandi gari bila CD yake ya taarabu ya Tanga. Tukitoka Kimara, Shakila na Black Star husikika vizuri. Tukishapita Mlandizi na gari kukolea mwendo, mvumo wa matairi hupanda, maneno ya wimbo yakazama. Mama huongeza sauti, spika za milangoni huanza kukwaruza, naye huizima redio na kutazama nje mpaka Segera. Mtu aliyekuzwa na nyimbo hizo asiposikia maneno yake amenyimwa haki yake, na mimi nilikuwa wa kwanza kumwambia hivyo baba watoto.

Kununua redio mpya hakukuwa jawabu. Mama anavijua vitufe vya redio iliyokuja na gari kwa kupapasa tu, na redio yenyewe imeumbwa pamoja na dashibodi. Ukiing'oa unabaki na pengo la kuziba kwa plastiki. Tukakubaliana redio ibaki, amplifaya ikae chini ya kiti.

Kijana wetu wa kidato cha tatu akapinga. Redio imeandikwa wati 50 mara nne, akasema, nguvu zaidi ni za nini? Shemeji yangu, aliyesomea umeme VETA, akaomba daftari. Injini ikiwaka, umeme wa gari huwa kama volti 14. Redio hii haina kitu cha kuzipandisha volti hizo, kwa hiyo spika ya omu 4 haiwezi kupata sauti safi inayozidi sana wati 20. Zile 50 hupatikana wimbi la sauti likiwa limekatwa vilele, na huko kukatwa ndiko tunakosikia kama mkwaruzo. Amplifaya ina sakiti yake ya kupandisha volti kabla ya kulisha spika. Kijana akairudia hesabu mwenyewe, akanyamaza.

Bahati mbaya shemeji alisafiri kikazi, na harusi ya Muheza ilikuwa imewadia. Baba watoto alitaka mama yake asikie wimbo njia nzima, hivyo akalipeleka gari kwa fundi wa barabarani. Kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Sauti ilikuwa kubwa kweli, lakini nyuma yake palikuwa na mluzi mwembamba. Ukikanyaga mafuta nao unapanda, ukiachia, unashuka.

Alfajiri ya safari, vyombo vimeshapangwa kwenye buti na Mama ameshakaa kiti cha mbele na kanga zake mpya, baba watoto akazungusha ufunguo. Gari likatoa mlio wa tik, tik, basi. Majirani wakaja kusukuma, Mungu awabariki, lakini gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa: giaboksi yake hushika kwa msukumo wa mafuta, na pampu ya mafuta hayo huzungushwa na injini yenyewe. Tukasubiri mpaka dereva mmoja wa daladala alipopita na waya za kubusti.

Mama ni shangazi wa bwana harusi, na ndiye aliyekuwa amebeba mkaja. Tulipofika Muheza ndoa ilikuwa imeshafungwa, na upande wa bibi harusi walikuwa wameshauliza zaidi ya mara moja mkaja uko wapi. Mama akautoa kwa heshima zote, akaomba radhi kwa niaba yetu. Niliona jinsi ilivyomuuma. Usiku, tukiwa tumekaa barazani, akamwita mwanawe.

“Mwanangu, hiyo redio ilikuwa inasikiliza nini usiku kucha?”

Baba watoto hakuwa na jibu. Shemeji aliporudi na kusimuliwa, alisema Mama ameshamaliza nusu ya kazi.

Jumamosi iliyofuata gari likafunguliwa uani, viti nje, mazulia juani, Mama kwenye kiti chake chini ya mwembe. Amplifaya ina waya mnene wa umeme na mwingine mwembamba wa kuiamsha, ambao unatakiwa kupata umeme redio inapowashwa tu. Fundi alikuwa ameuunganisha huo mwembamba na ule mnene, hivyo amplifaya haikulala hata dakika moja. Mita ilionyesha karibu ampea 1 ikivuja gari likiwa limezimwa. Kwa betri ndogo kama yetu, ya ampea-saa 35, tena yenye umri wake, usiku mmoja unatosha.

Shemeji akauhamishia waya mwembamba kwenye ule mweusi wenye mstari mwekundu unaoinua antena. Tukafungua stesheni, redio ikaimba. Tukaweka CD, kimya.

“Mmemnyamazisha Shakila,” Mama akasema.

Kumbe redio yetu huipa antena umeme inapotafuta stesheni tu. Ukiweka CD inaukata. Ndipo akachukua waya wa kijivu, unaopata umeme kwa ufunguo. Akamwandikisha kijana rangi za Toyota: kijivu ni ya ufunguo, bluu yenye mstari wa njano inatoka kwenye betri moja kwa moja, kahawia ni ethi. Halafu akamwambia asiiamini rangi yoyote kabla ya kuipima, maana gari lililopita mikono ya mafundi wengi huwa na nyaya zilizoungwa kwa rangi yoyote iliyokuwa karibu.

Mluzi ulitoka kwenye ethi. Altaneta haitoi umeme ulionyooka kabisa. Una mawimbi madogo yanayokwenda kasi kadiri injini inavyozunguka. Ethi ya amplifaya ikiwa dhaifu, mawimbi hayo hupenya kwenye sauti. Ya kwetu ilikuwa imefungwa kwenye nati ya kiti, juu ya rangi. Shemeji akasugua bodi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akafunga hapo waya mfupi. Baba watoto akakanyaga mafuta, akakanyaga tena. Mluzi haukuwepo.

Jambo lililonitisha kuliko hayo yote lilikuwa ule waya mnene. Ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la bati lenye makali bila mpira wa kuukinga, na fyuzi yake ilikuwa kule mwisho, karibu na amplifaya. Waya kama huo ukichunika mahali popote kabla ya fyuzi, nguvu yote ya betri inashuka kwenye bodi, na waya unawaka moto. Wanangu wanakaa juu yake. Shemeji alipoukata tukaona weupe ndani: alumini iliyopakwa shaba, ambayo haipitishi umeme kama shaba tupu. Tukaenda Gerezani kununua waya wa shaba, tukaukwaruza kwanza kwa kisu dukani, na safari hii fyuzi ikafungwa shibiri moja tu kutoka kwenye betri. Yeyote anayefungiwa amplifaya na adai fyuzi hiyo mbele ya macho yake kabla hajalipa.

Ikabaki kupima sauti. Wanangu walitaka besi, wakaomba na sabufa. Nikakataa, na shemeji akaniunga mkono kwa hoja nzuri kuliko yangu. Masikio ya mtu mzima hupoteza kwanza sauti za juu, na huko ndiko ziliko s, f na t, zinazotenganisha neno na neno. Matairi yanavuma chini. Ukiongeza besi unaongeza mvumo juu ya mvumo. Akaweka kichujio cha amplifaya kama hezi 100, spika ndogo za milangoni zikapumzishwa ule mzigo wa chini, kisha akaanza kupandisha geni taratibu. Geni si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu inayotoka kwenye redio, ukizidisha unarudi kule kule kwenye kukatwa vilele.

Aliyempa alama ni Mama. Akaletewa kiti chake mpaka ndani ya gari, maana viti vilikuwa bado nje, akafumba macho.

“Hapo anakwaruza. Rudisha. Rudisha kidogo tena. Hapo.”

Shemeji akaweka alama ya wino mweupe kwenye kitufe, na hakuna ruhusa ya kukigusa. Tumeshakwenda Tanga na kurudi. Kupita Mlandizi Mama alikuwa anawaeleza wajukuu kila ubeti unamjibu nani, na kila walipobisha alirudisha wimbo mwanzo. Kijana ndiye mwenye dhamana ya kukagua nati ya ethi kila gari linapomwagwa oili. Sabufa haitanunuliwa: buti ni la machungwa ya Muheza.