Mzimu Wenye Namba ya Simu

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1992, BBC iliwaonyesha Waingereza mzimu uitwao Pipes ukiwasumbua mama na wanawe jijini London. Mchezo huo, Ghostwatch, ulikuwa umesharekodiwa kitambo, na jina la mwandishi, Stephen Volk, lilipita kwenye kioo mwanzoni. Lakini nani husoma majina wakati Michael Parkinson mwenyewe, gwiji wa mahojiano, kakaa studio anauliza maswali kwa utulivu wa mtu anayelipwa awe mkweli?

Tusiwacheke waliotetemeka, walau walijaribu kuhakikisha. Namba ya simu iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa ya kweli, na aliyebahatika kuipata aliarifiwa kwamba hayo ni maigizo. Balaa ni kwamba walipiga wengi mno. Laini zikajaa, na ukweli wenyewe ukawa bize. Aliyepiga akiwa na wasiwasi akakata simu ana uhakika: wote hawa hawawezi kuwa wanapiga bure.

Sisi wa leo tumestaarabika. Hatumpigii mtu kumuuliza. Habari tunairusha kwanza kwenye kundi la ukoo, kisha tunaandika chini yake: "Sijui kama ni kweli, ila muwe makini."