Vibanio kumi na viwili

Kitu cha kwanza kupotea nyumbani kwangu kilikuwa brashi ya kusugulia masufuria. Nilimshuku msichana wa kazi, nikamshuku paka, kisha nikawaomba radhi wote wawili kimoyomoyo nilipoikuta gerejini, nyeusi tii, nywele zote zimelala upande mmoja. Cha pili kilikuwa kisu cha samaki. Cha tatu, sinia la kuchambulia mchele, ambalo sasa lilikuwa likikinga oili inayodondoka. Hapo nikanunua daftari, nikaandika juu ya jalada "Deni la Jikoni", upande mmoja matumizi, upande mmoja mapato.

Mdeni wangu ni mume wangu. Alistaafu ukarani wa bandarini akiwa na miaka 60. Wenzake wakipata kiinua mgongo hujenga vyumba vya kupangisha Bamburi, au huongeza mke. Wangu alileta gari. Majirani wa hapa Tudor walikuja kunipa pole na kunipongeza kwa mpigo mmoja. "Shukuru, mwanangu," aliniambia bibi wa nyumba ya pili. "Hili halitazaa."

Lilikuja mgongoni mwa lori: Datsun 240Z ya mwaka 1972, boneti ndefu kama omo la jahazi, viti viwili tu. Nyumba yetu ina watu saba. Lilikuwa limekaa miaka mingi chini ya mkwaju huko Mtwapa, na kuku mmoja alikuwa amehamia kiti cha dereva. Tukapata mayai manne. Niliyaandika upande wa mapato, na kwa muda mrefu yalikaa pale peke yake.

Ili mnielewe lazima nieleze Pasaka ya 1973. Mume wangu alikuwa mtoto wa miaka 10, baba yake akifanya kazi Taita, na anaapa kwamba alisimama kando ya barabara akapigwa vumbi usoni na gari la namna hii. Hakuna shahidi wa vumbi hilo. Ila mengine aliyonayo kichwani ni ya kweli, maana nimeyasikia mara nyingi mno yasiwe na kosa. Pasaka hiyo ilikuwa na mbio za magari za Safari, zilizoanza 1953. Datsun 240Z ilizishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 chini ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, Lofty Drews akiwa kando yake na ramani. Mwaka huo Mehta alifungana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa ndani ya Datsun nyingine, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Baadaye Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini ni ile sare mume wangu anayoisimulia kama anayesoma maulidi: pana mahali pa kupandisha sauti, pana mahali pa kunyamaza na kumeza mate. Watoto wetu hawaelewi. Jina la Datsun liliondolewa na wenyewe katika miaka ya 1980 wakabaki na Nissan, na Nissan kwa watoto wetu ni matatu ya abiria 14 yenye kondakta anayening'inia mlangoni.

Basi, gari letu likaingia gerejini. Gereji nasema kwa heshima tu. Ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba tulichokuwa tukiwekea makaa. Hewa ya bahari ilikuwa imeshalila kabla yetu. Siku ya kwanza niliyokaribishwa kuketi upande wa abiria, mguu wangu ulipita sakafuni ukakanyaga saruji. Fundi wa kuchomelea alikuja siku mbili akabandika mabati kama viraka vya shuka, akaondoka na pesa ambazo nilikuwa nimeziweka za pazia. Hilo nalipita haraka kwa sababu bado linaniuma.

Injini yake ina silinda sita zilizosimama mstari mmoja, na inapumua kupitia kabureta mbili. Zote mbili zilikuwa zimeziba kwa ule utomvu unaobaki petroli ikikauka. Mtu fulani, sitaki kumjua, alimwambia dawa ya utomvu huo ni ndimu. Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Nilikuwa na ndimu 40 za achari ya Ramadhani ndani ya kikapu, nimezichagua moja moja sokoni, zenye ganda jembamba. Nilirudi kutoka hitimani nikakuta jiko la makaa limewashwa uani na sufuria yangu ya pilau iko juu yake. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikadhani amenipikia. Nilipofunua kifuniko, kabureta mbili ziligeuka taratibu ndani ya maji ya ndimu kama vichwa vya samaki.

"Zinaiva vizuri," akasema, na akapunguza makaa.

Zilitoka safi kwa ndani na zimefubaa kwa nje. Sufuria niliisugua kwa majivu, nikaisugua kwa sabuni, nikaianika juani siku tatu mpaka nikaamini imerudi. Ijumaa mavyaa alipokula pilau yake alitafuna polepole, akatazama dari, akaniuliza kama nimebadilisha bizari.

Halafu leso. Nilikuwa na leso mpya iliyoandikwa "Mvumilivu hula mbivu". Yeye alihitaji kitambaa cha kupangusia mikono, akachukua kilichokuwa karibu, akakirarua katikati. Nilichokuta kwenye kamba ni kipande kilichosema "Mvumilivu". Ile "hula mbivu" ilikuwa imeshalowa oili. Sikusema neno. Nilijifunga kile kipande nikampakulia chakula, nikazunguka meza mara mbili ili asome.

Ikafika siku ya kuliwasha. Aliwaita majirani, jambo ambalo ningemkataza kama angeniuliza. Akaketi, akavuta pumzi, akageuza ufunguo. Injini ilizunguka, ikasita, kisha ukatoka mlio kama wa fataki na ulimi wa moto ukachungulia kwenye kabureta. Watoto walipiga makofi. Paka alirudi baada ya swala ya Isha.

Kwa siku tatu alitafuta kosa. Alibadilisha plagi. Aliazima betri ya jirani. Alipiga msasa pointi mpaka zikang'aa kama pete. Mpangilio wa moto wa injini hii aliujua kwa moyo, 1-5-3-6-2-4, anautamka kwa mapenzi kama namba ya simu ya mchumba, na waya zote sita alikuwa amezichomeka kwenye kepi kwa kuufuata mpangilio huo, akianzia na ya kwanza na kuzunguka. Usiku wa tatu mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi. Nisikuchoshe: kushika tochi ni kazi ambayo huwezi kuifanya vizuri. Ukimulika anapotazama, unamziba. Ukimulika penginepo, umelala.

Lakini mimi nimeshona miaka 30. Mtu akiniletea cherehani inayokata uzi, kabla sijagusa sindano namuuliza gurudumu analizungusha kuelekea wapi. Kwa hiyo nikauliza.

"Baba Watoto, hicho kijiti kilichomo chini ya kepi kinazunguka kwenda upande gani?"

"Rota? Inazunguka kama saa."

"Umeiona?"

"Mama Watoto, kila kitu huzunguka kama saa."

"Kitabu chake kinasemaje?"

Kitabu cha matengenezo kilikuwa chini ya mguu wa meza ya gerejini, kimeizuia isitikisike. Hatukukisumbua. Tukafungua kepi, tukamwamsha binti yetu wa tatu akageuze ufunguo, na mimi nikamulika. Rota ilizunguka kinyume cha saa. Tuliitazama sote watatu. Binti akageuza tena, bila kuambiwa, ili baba yake apate kuona vizuri.

Mpangilio ulikuwa sahihi, ila umepangwa kinyumenyume. Kati ya waya sita, mbili tu ndizo zilizokuwa mahali pake, ya kwanza na ya sita, maana hizo zinatazamana na hazibadiliki ukizunguka kulia wala kushoto. Ya tano ilikuwa imekaa kwa ya nne, ya tatu kwa ya pili. Kuzibadilisha hakukuchukua muda wa kuchemsha chai. Gari likanguruma mara ya kwanza, mabati ya kibanda yakajibu, vikombe kabatini vikaanza kugongana, na jirani aliyetoa betri akachungulia dirishani na kikoi chake.

"Tumegundua kosa!" mume wangu akampigia kelele.

Hiyo "tu" niliiandika daftarini, upande wa mapato, chini ya mayai.

Likawa linatembea, lakini kila akikanyaga mafuta linashtuka kwanza, linakohoa, ndipo linaondoka. Hilo nalo lilitokana na chumba changu cha kushonea. Juu ya kila kabureta kuna kijibomba cha oili kinachoizuia pistoni yake ndogo isiruke ovyo, naye alikuwa amekijaza oili ya cherehani. Oili ile ni nyepesi kama maji. Kazi yake ni kulainisha sindano iende mbio. Haiwezi kumzuia mtu. Akaweka nzito kidogo, kikohozi kikaisha, na chupa yangu ikarudi tupu.

Sasa sikilizeni ya kivukoni. Mpwa wake alikuwa anaolewa Ukunda. Gari ni la watu wawili, kwa hiyo akaenda yeye na mama yake. Mimi na watoto tulipanda matatu mpaka kivuko cha Likoni tukaingia kwenye kundi la waendao kwa miguu, ambako angalau hakuna nauli. Ilikuwa saa saba mchana. Foleni ya magari ilikuwa haiendi, kila gari likisogea hatua mbili na kusimama. Injini hii ina tabia moja mbaya: kabureta zake zimekaa upande uleule wa bomba la moshi, juu yake kabisa, kama chungu juu ya mafiga. Barabarani upepo husaidia. Kwenye foleni ya Likoni petroli huchemka ndani ya mabomba, inageuka mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke.

Feri ikafunguliwa, magari yakatiririka kuingia, isipokuwa moja. Honi zikaanza nyuma yake. Kutoka kwenye kundi niliona vijana wanne wamelikumbatia kwa nyuma wakilisukuma kwenye mteremko, mume wangu ametoa kichwa nje anaelekeza, na kando yake mavyaa ameketi wima ndani ya buibui lake jipya na dhahabu zake zote, anajipepea na kipepeo, anaitikia salamu za watu kama bibi harusi. Watoto wangu walikimbia kwenda kusukuma. Mimi nilivuta ushungi nikapita kama mgeni.

Ng'ambo ya pili ni mlima. Huko ilibidi vijana wawe tisa, na walitaka chai. Muuza madafu aliyekuwa akitazama kwa raha zake ndiye aliyemwambia dawa: vibanio vya nguo, vya mbao, vibane kwenye bomba la petroli, vitavuta joto. Alisema madereva wa zamani wote walifanya hivyo.

Kesho yake asubuhi nilikuta nguo zangu zote chini ya kamba, kwenye mchanga. Vibanio kumi na viwili vilikuwa vimepangwa gerejini juu ya bomba kama shomoro juu ya waya wa umeme. Fundi alipoviona alicheka, akasema linalotakiwa ni bati la kukinga joto kati ya bomba la moshi na kabureta. Maoni yangu ni kwamba mtu akishamaliza kubana vibanio kumi na viwili, kimoja kimoja, injini inakuwa imeshapoa yenyewe. Mume wangu anasema vinafanya kazi, na ushahidi wake ni kwamba tangu siku ile gari halijazima kivukoni. Ni kweli. Halijapelekwa kivukoni pia.

Anayetaka kuja kuliona, karibu Tudor, mlango uko wazi na siku hizi pilau inapikwa kwenye sufuria mpya. Ukija, tuletee vibanio. Viwe vya mbao. Vya plastiki vinayeyuka, tumeshajaribu.