Bei ya Uso wa Binamu

Mtu akikuambia amepata kazi inayoingiza pesa huku yeye amelala, muulize kwanza huwa analala saa ngapi. Mimi niliambiwa maneno hayo pale Mwembe Tayari, Mombasa, na rafiki yangu aliyekuwa amekesha akipakia picha mtandaoni, akisinzia katikati ya sentensi. Lakini tarehe ya kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia, na mwisho wa mwezi humfanya mtu aamini mengi.

Biashara yenyewe haina fumbo. Unapiga picha, unaiweka kwenye ghala la wakala mtandaoni, na yeyote duniani anayetengeneza tangazo, kalenda au kitabu cha shule analipa apate ruhusa ya kuitumia. Picha inabaki yako, na kesho atakuja mwingine ailipie tena. Mwaka 2000 Bruce Livingstone wa Calgary, Kanada, alianzisha iStockphoto, ambako hata mtu asiye mpiga picha wa kulipwa aliweza kuweka kazi zake; mwaka 2006 Getty Images ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 50. Mwaka 2003 Jon Oringer alianzisha Shutterstock mjini New York akianza na picha kama 30,000 alizopiga mwenyewe. Rafiki yangu alizijua hadithi hizi zote kwa kichwa. Alichoruka ni kimoja tu: waliotajirika walikuwa wenye maghala.

Nilianzia jikoni, kwa sababu jikoni hakuna nauli. Ijumaa, shangazi alipopakua biriani, nililivuta sinia hadi dirishani kwenye mwanga, nikapanda juu ya kiti. Wanaume walikuwa wametoka msikitini na njaa yao. Ami, ambaye tangu nimjue hajawahi kusubiri chakula, aliuliza kama biriani imefariki ndiyo maana inapigwa picha ya mwisho. Mkaguzi wa wakala akaikataa: mvuke umetia ukungu. Ijumaa iliyofuata nikangoja ipoe, ikakubaliwa. Basi kwa muda fulani nyumba nzima ikawa inakula biriani baridi kwa faida ya soko la dunia.

Haikununuliwa. Wala hayakununuliwa machweo ya Nyali, ambayo niliyangojea jioni kabla ya kukumbuka kuwa upande ule wa bahari jua huchomoza. Picha yangu ya kwanza kupata mteja ilikuwa ya kitunguu. Kitunguu kimoja kutoka Kongowea, juu ya karatasi nyeupe, hakina lolote la kumwambia mtu. Mteja alilipa, nami nikapata senti 25 za dola, kwa viwango vya wakati ule kama shilingi 25, yaani pesa za kununua kitunguu kingine na chenji ya ndimu.

Hata hizo hazikufika zote. Marekani wana fomu ya kodi iitwayo W-8BEN, ya watu wasiokaa huko, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, asilimia 30 ya malipo yatokanayo na wateja wa kule hukatwa hukohuko. Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mlipa kodi wa nchi iliyoninyima viza.

Nikaamua kuuza kilicho chetu: matatu. Nilipata moja maridadi, ubavuni imechorwa mwanasoka, kioo cha nyuma kina nembo ya klabu, boneti ina msanii wa Marekani mwenye mikufu, na mlangoni kuna tangazo la soda. Mkaguzi alirudisha picha. Kila nembo ina mwenyewe na kila uso una mwenyewe, kwa hiyo nifute. Nikakaa kwenye kompyuta nikafuta mwanasoka, nikafuta klabu, nikafuta msanii na soda, nikafuta namba ya gari, na utingo nikamwondoa kwa kuwa fulana yake ilikuwa na jina la kampuni ya viatu. Ilipokwisha lilibaki gari jeupe lisilo na dereva wala safari. Ikakataliwa kwa sababu haivutii.

Kwa ngome ya Fort Jesus nilidhani niko salama, maana ni mali ya urithi wa dunia tangu 2011. Mkaguzi akataka idhini iliyotiwa saini na mwenye jengo. Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596 sikuwa na anwani yao, na Mwitaliano aliyeichora, Giovanni Battista Cairati, alikufa karne hiyohiyo. Waliokuwa wakiitunza wakati ule ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, nao walikuwa na utaratibu wao na ada zao kwa picha za biashara. Nilipopiga hesabu, ilinibidi kuuza vitunguu vingi sana kwanza.

Tukaja kwenye nyuso za watu. Mtu akionekana kwenye picha ya kuuzia matangazo, sharti atie saini fomu ya idhini, na fomu hiyo husema kwamba picha yake itatumika popote, kwa namna yoyote, milele. Imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mimi niliikunja mfukoni nikateremka hadi wanakoshusha samaki Mji wa Kale, kwa mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na uso ambao mpiga picha akiuona husahau alikokuwa akienda. Kupigwa picha alikubali. Alisimama na nguru wake begani, akacheka, akanielekeza hata nisimame wapi ili jua lisinipige machoni. Nikatoa karatasi.

Kicheko kikakatika.

“Mwanangu, karatasi ya Kizungu hiyo?”

“Ndiyo, babu. Ni ruhusa tu.”

“Babangu naye aliambiwa ni ruhusa tu. Akatia dole gumba. Shamba likaenda.” Aliirudisha kwa ncha ya vidole. “Na shamba angalau walituachia makaburi. Ukienda uso, mimi nibaki na nini?”

Mtu wa Pwani akikwambia hivyo huna hoja. Nikajaribu kueleza kwamba uso hautahama, utazunguka tu duniani. Akauliza nani atauzungusha. Nikasema simjui. Akauliza watauweka wapi. Nikasema popote. Wavuvi wenzake walikuwa wamekwisha sogea, na mmoja akauliza lile swali ambalo nilikuwa nimeliombea lisije: bei gani? Nikawatajia. Nikaongeza kwamba kuna kodi ya Marekani.

Walitazamana. Mzee akanishika bega, akaniuliza kama nimeoa. Kisha akachagua changu wawili wakubwa, akawafunga kwenye gazeti, akaniambia nipeleke nyumbani na nisikate tamaa. Saini hakutia mpaka leo. Changu wale ndio malipo makubwa zaidi niliyopata mwezi ule, na hawakukatwa asilimia 30.

Ndipo nikamgeukia mtu asiyeweza kuninyima saini: binamu yangu. Soko lilitaka Mwafrika mwenye mafanikio. Kwa miaka mingi wateja wa ughaibuni walikuwa wameridhika na simba na mbuyu, sasa walitaka suti, kompyuta na ofisi yenye kioo. Suti tuliazima kwa jirani, mtu wa mwili mkubwa, tukaibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Kompyuta ilikuwa ile iliyonyeshewa, haiwaki, lakini kwa mbele haionekani. Ofisi ilikuwa sebule ya shangazi baada ya kuondoa picha ya Makka na friji. Ilikuwa Februari, joto la Mombasa linajulikana, na kila baada ya dakika chache binamu alivua koti akasimama mbele ya feni akiwa na vibanio mgongoni. Nilimpiga akicheka, akipeana mkono na hewa, akinyoosha kidole mahali pasipo na kitu. Mwisho, jasho likimwingia machoni, akalishika paji la uso na kufumba macho. Hiyo hatukuipanga. Nikaipakia pamoja na zingine, na kwenye maneno ya utafutaji, maana kila picha lazima uiandikie maneno mengi ili wateja waione, nikajaza: mfanyabiashara, mawazo, kazi, uchovu, hasara, madeni.

Picha zenye mafanikio zimelala ghalani hadi sasa. Ya madeni ilinunuliwa.

Nilijua hivyo siku binamu aliponipigia simu kutoka upande wa Likoni, sauti yake ikishindana na honi ya feri. Alikuwa ametazamana na yeye mwenyewe kwenye bango la wakopeshaji fulani. Koti la jirani, vibanio havionekani, na juu ya kichwa chake maandishi makubwa: WADAI WANAKUSUMBUA? Angeweza kucheka, ila wakati ule alikuwa amepeleka posa, na baba wa msichana huvuka kwa feri kila siku. Jioni mshenga alirudi na ujumbe wa adabu kabisa: wenzetu hawana neno, wanaomba tu kujua deni ni la kiasi gani.

Ili kumtuliza nilimsimulia habari za András Arató, mhandisi wa Hungaria aliyekubali kupigwa picha za namna hii, akajikuta uso wake unatumiwa na dunia nzima kwa mizaha, mzee anayetabasamu huku macho yanauma. Alichukia mwanzoni, baadaye akaikubali hali, akaanza kualikwa huku na huko. Binamu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama huyo naye alikuwa anaposa.

Shangazi ndiye aliyevuka na sahani ya haluwa na chupa ya kahawa kwenda kuwaeleza wakwe kwamba kijana hadaiwi, ni kazi tu. Wakauliza kazi hiyo inalipa vizuri? Shangazi, ambaye hasemi uongo, aliomba kuongezewa kahawa. Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu. Nauli na haluwa nilidaiwa mimi.

Huku nyumbani tukipatana, soko lilikuwa linageuka. Unsplash, mtandao ulioanzishwa mwaka 2013, ulikuwa umezoesha watu kuchukua picha nzuri bila kulipa, na mwaka 2021 Getty ikaununua. Mwaka 2020 Shutterstock ilibadili malipo yawe asilimia 15 hadi 40 kulingana na mauzo yako, na kila tarehe 1 Januari mpiga picha hurudishwa ngazi ya chini kabisa aanze kupanda upya. Kisha ikaja akili mnemba. Septemba 2022 Getty ilipiga marufuku picha zilizotengenezwa na mashine, na mwaka uliofuata ikaishtaki Stability AI, kampuni yenye mashine ya aina hiyo. Desemba 2022 Adobe wao walizifungulia mlango, na Machi 2023 wakatoa mashine yao wenyewe, Firefly, iliyofundishwa kwa picha za ghala lao. Wapiga picha wakapewa bonasi.

Wakala wangu, ambaye ni mwingine na jina lake nalihifadhi, naye akaniandikia. Picha zangu zimesaidia kuifundisha mashine, anashukuru, na kuna kitu kidogo kwenye akaunti. Sikuridhika na shukrani, nikataka kumwona mwanafunzi. Nikaiandikia mashine: Mwafrika mwenye suti aliyelemewa na madeni. Ikanitolea mtu ndani ya sekunde chache, bila feni wala vibanio. Nikamwita binamu aangalie. Akaangalia kwa karibu, akaangalia kwa mbali.

“Pua ni yangu,” alisema.

Kesi ikaenda kwa Ami. Tuliketi kibarazani baada ya Isha, kahawa ikazunguka, mahamri yakaja kwa sinia. Binamu alidai uso ni wake, basi bonasi ni yake. Mimi nikadai bila kamera uso ule ungebaki Likoni. Shangazi alisema kama ni habari ya nani aliyeutengeneza uso, basi yeye alikuwa wa kwanza, tena kwa uchungu wa siku mbili. Jirani mwenye suti hakualikwa lakini alikuwepo, na alikumbusha kwamba mtu wa kwenye mashine amevaa koti linalompwaya, jambo ambalo mashine isingelijua bila yeye.

Ami aliyasikiliza yote akitafuna. Kisha akauliza fedha zenyewe ziko wapi, ziwekwe katikati watu wazione. Nikaeleza kwamba ziko kwa wakala. Hazitoki mpaka zifike kiwango cha chini cha kutolewa, na bado kuna safari.

“Na huyu mwenye pua,” akauliza, “kampiga picha nani?”

“Hakuna aliyempiga, Ami. Hayupo.”

Ami aliweka kikombe chini. “Kwa hiyo nimetolewa kitandani niamue juu ya fedha ambazo hazijatoka, za picha ambayo haikupigwa, ya mtu ambaye hayupo.”

Hakuna aliyejibu. Akafikiri kwa muda, kisha akatoa hukumu: kesi ni kubwa na fedha ni ndogo, kwa hiyo iahirishwe hadi vilingane. Kwa sasa kilichopo mbele yetu na chenye bei inayojulikana ni mahamri, na yamekwisha. Yaagizwe mengine.

Akanigeukia mimi. Mtu mwenye kazi inayoingiza pesa hata akilala, alisema, hawezi kushindwa na mahamri.