Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii: Tulinde Sisi Tuliopanda Mlima

Kahawa Sukari, Ruiru,
Kaunti ya Kiambu.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KULINDWA DHIDI YA WAPAGAZI WA MLIMA KENYA

Mheshimiwa,

Naandika kwa heshima na taadhima nikiwa mlipa kodi, mpiga kura wa Ruiru na mwenye cheti halali cha kufika Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Cheti chenyewe kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Mgeni akikaa mahali ambapo hakioni, namhamisha kiti.

Sisi wa Kahawa Sukari mlima huu tunauhesabu kuwa jirani. Asubuhi zile ambazo mawingu hayajaamka, mtu akipanda juu ya ghorofa kuanika nguo anauona kule kaskazini. Barabara ya Thika, ambayo wengi wetu tunaijua kwa upande wa kwenda kazini tu, ukiifuata upande wa pili inakupitisha Kenol, Sagana na Karatina mpaka Naro Moru na Nanyuki. Kwa hiyo kikundi chetu cha mtaa kilipochoka kuchoma nyama kila sikukuu, tuliamua kupanda. Mazoezi tulifanyia Kilimambogo, ng'ambo ya Thika, mita 2,145. Huko ndiko alikozikwa Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyetaka kaburi lake liwe kileleni. Inasimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko, naye akazikwa lilipoishia. Tuliteremka pale tukiwa tumeelewa vizuri umuhimu wa wabebaji wa kutegemewa.

Mlima wenyewe tuliuingilia Sirimon na kutokea Chogoria. Nilibeba mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu yeyote, chupa ya maji, pakiti ya njugu na simu. Vilivyobaki vilibebwa na kijana mmoja wa Nanyuki: hema, begi langu la kulalia, nguo zangu, mtungi wa gesi, kabeji, na trei ya mayai ambayo hakuiweka chini hata alipofunga kamba za gambuti. Langoni mzigo ulipimwa kwenye mzani ukakubalika. Tulipokwisha kuvuka lango tukakumbuka viti vya kukunja. Navyo vikafungwa juu.

Alivaa sweta la shule la rangi ya damu ya mzee, nembo bado iko kifuani. Sufuria ilining'inia nje ya mzigo, ikawa inagongana na kikombe cha bati kila hatua, na Bonde zima la Mackinder tulilipanda kwa mlio huo. Kwanza ulikuwa nyuma yetu. Ukatufikia, ukatupita kwa adabu, ukawa mbele, kisha hatukuusikia tena. Tulipoingia kambi ya Shipton's, mita 4,200, mimi nikiwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, hema lilikuwa limesimama, chai imechemka, bisi ziko kwenye sahani, na yeye anawafukuza pimbi wasizile. Akaniambia pole. Nilitaka kumjibu lakini pumzi zilikuwa bado njiani.

Hapo ndipo swali baya liliponijia. Ikiwa mtu mmoja amebeba chupa ya maji na mwenzake amebeba nyumba, jiko na viti, na huyo wa pili ndiye aliyefika kwanza, ni nani kati yao aliyepanda mlima? Mheshimiwa, swali hili likiachwa lienee sisi tumekwisha. Kijana wa boda anayenipandishia gesi hadi orofa ya nne hajawahi kudai kuwa yeye ni mpangaji, na sioni kwa nini mlimani utaratibu uwe tofauti.

Kwa bahati nzuri, waliopanga njia waliliona hilo mapema. Siku ya kilele tuliamshwa usiku wa manane. Sisi tukaelekea Lenana na tochi kichwani, hatua moja, mapumziko mawili. Wapagazi wakakunja kambi na kuzunguka na mizigo kupitia Simba Col, ili watupokee upande wa Chogoria chakula kikiwa tayari. Ni mpango wa akili sana. Mzigo unapita kando ya kilele, na anayeubeba anapita nao, basi cheti hakimhusu. Mtu anaweza kuuzunguka mlima huu hadi nywele zimwote mvi, nyumba za watu zikiwa mgongoni mwake, na kwenye vitabu asiwe amefika popote.

Nilimwuliza yule kijana wa Nanyuki kama yeye amewahi kufika Lenana. Akasema ndiyo, mara moja, msimu usio na wageni. Alipanda kwenda kuangalia ni kitu gani kinachotuleta. Nikamwuliza kama alikiona. Akacheka, akaongeza maji kwenye chai. Kisha akachukua kijiti akanichorea kwenye vumbi mahali barafu ya Lewis ilipokuwa ikiishia alipoanza kazi hii, na mahali inapoishia sasa. Mistari hiyo miwili ilikuwa mbali sana. Kumbukumbu za namna hiyo ni za hatari. Barafu ikimalizika, na wataalamu wanasema haina miaka mingi, cheti changu kitapanda thamani, maana nitakuwa miongoni mwa walioiona. Sasa itakuwaje akitokea shahidi aliyeiona ilipokuwa kubwa?

Mfano mzuri wa kufuata tunao, Mheshimiwa. Mwaka 1899, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika Nairobi, Halford Mackinder aliondoka hapo na msafara wa Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai 2 wa kuonyesha njia. Jumla 170. Tarehe 13 Septemba kilele cha Batian, mita 5,199, kilifikiwa na watatu: Mackinder, César Ollier na Joseph Brocherel. Hesabu safi kabisa, 170 ikawa 3 na hakuna kilichobaki. Bonde nililopitia likapewa jina lake. Teleki, yule Mhungaria aliyefika mwaka 1887 na kugeuza njia kabla ya kilele, naye alipewa bonde. Maana yake hata kufika si lazima, mradi usiwe umebeba kitu.

Walioharibu sifa za mlima huu ni Waitaliano watatu, wafungwa wa vita waliotoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943: Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakulipa kiingilio, hawakuwa na kiongozi wala mpagazi. Ramani yao ilikuwa picha ya mlima iliyochapishwa kwenye lebo ya mkebe wa chakula, na vyuma vya kukanyagia barafu walijitengenezea kwa mabati ya kuokota. Barsotti aliugua akabaki chini. Wawili wakafika Lenana, wakasimika bendera, kisha wakarudi kambini wenyewe kujisalimisha. Walipewa siku 28 za kufungiwa peke yao, zikapunguzwa hadi 7 kwa sababu mkuu wa kambi alipendezwa na uanamichezo wao. Mimi ningeziacha 28. Mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe anavuruga uchumi.

Halafu yupo Kisoi Munyao, aliyesimika bendera yetu Lenana Desemba 1963 tulipopata uhuru. Kwenye njia yetu nzima sikuona kambi ya Munyao, wala bonde la Munyao, wala hata choo cha Munyao. Naipongeza Serikali, awamu baada ya awamu, kwa uthabiti huo.

Kinachonikosesha usingizi ni upepo wa kusini. Kule Kilimanjaro wenzetu wamelegea. Langoni Marangu wamemwekea ukumbusho Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga anayesemekana kumwongoza Hans Meyer mwaka 1889. Tangu 2003 kuna mradi wa kuwatetea wapagazi unaozunguka ukiuliza wanalipwa ngapi, wanalala wapi, wanakula mara ngapi kwa siku. Kilo 20 zikipita, mzigo unateremshwa. Tena Agosti 2022 serikali yao ikapeleka intaneti hadi Horombo, mita 3,720. Hebu fikiria, Mheshimiwa, mpagazi mwenye tumbo tupu na mtandao wenye kasi.

Kwa hiyo naomba sheria yetu itamke wazi kwamba mpanda mlima ni mtu ambaye mzigo wake umebebwa na mwingine. Naomba pia wapagazi waagizwe kuingia kambini nusu saa baada ya mteja, kwa ajili ya heshima. Chai itapikwa na nani na hema litasimikwa na nani kabla hawajafika, hilo naiachia Wizara na wataalamu wake. Na sufuria zifungwe ndani ya mzigo. Kupitwa si neno. Kupitwa kwa kengele ndiko kunakouma.

Kuhusu malipo sina neno. Siku ya kuagana tulipiga makofi, tukatoa hotuba na bahasha. Hotuba zilikuwa ndefu. Bahasha waligawana. Fremu ya cheti niliitengenezea Ruiru mjini, ikanigharimu zaidi ya fungu la yule kijana, kwa sababu kioo siku hizi kimepanda bei vibaya.

Jambo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja ni kwamba alinipigia simu. Yule kijana ana binti, na binti ameitwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, hapa mbele yetu, ng'ambo ya barabara. Ndipo nilipopiga hesabu nikagundua kwamba huyu niliyekuwa nikimwita kijana safari nzima ananizidi umri. Alitaka kujua ashukie wapi. Nikamwambia akitoka Nanyuki, matatu itamshusha upande wetu wa Sukari, kisha avuke kwa daraja la miguu. Akanyamaza kidogo. Akasema sanduku la binti ni kubwa, na siku hiyo angependa atembee naye mkono mtupu, aonekane mzazi. Je, pale stejini hakosi mtu wa kumvushia sanduku hadi langoni, na huku kwetu mtu wa namna hiyo hulipwa ngapi? Asingependa, alisema, kumpunja.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamtafutia bei. Vyuo vinakaribia kufunguliwa, Mheshimiwa, na naomba mwongozo wa Wizara unifikie kabla ya siku hiyo.

Wako mtiifu,
Mpanda Mlima, Kahawa Sukari.